Samli kwenye Kompyuta ya Modesta

Mjukuu wangu Modesta hutengeneza muziki kwa kompyuta, sebuleni kwangu Mkuyuni, katikati ya kabati la vyombo na gunia la mchele. Spika zake mbili amezipandisha juu ya ndoo za rangi zilizokwisha, na waya amezibana ukutani ili kuku wasijikwae. Mwaka huu mzee Mashimba, manju wa kikundi cha ngoma ya majembe kule Kisesa, alimpa kazi. Mpiga ngoma wake mkuu alikuwa amevunjika mkono, na mashindano ya baada ya mavuno yalikuwa yamebakiza wiki tatu.

"Nakujaribu mara moja tu, binti," alimwambia. "Watu wakituhama, narudi kwenye ngoma zangu za ngozi, na wewe urudi kwenye harusi zako."

Kwa asiyejua mashindano yetu Wasukuma: vikundi viwili vinacheza saa ileile, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mtu wa kutoa alama. Watu wenyewe ndio alama. Wakijazana kwako umeshinda. Wakienda kwa mwenzako, unabaki unayachezea majani.

Wiki tatu zile nyumba haikutulia. Modesta alitaka mlio uanze mdogo, sauti nne tu, kama mtu anayepiga mluzi mbali shambani, kisha upande kidogo kidogo hadi ngoma zianguke, yaani ziingie zote kwa kishindo, na majembe yarushwe juu. Kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa naona vipande vya rangi vimepangwa kama matofali, na juu yao mstari mwembamba. Mstari ukiwa chini, mlio unasikika kama umefunikwa blanketi; ukipanda, blanketi linavuliwa. Anauvuta juu, anaushusha, anauvuta tena. Anainuka, anakaa, anatafuna kucha.

"Bibi, hapa si panachosha?"

"Mimi nachambua maharage, sichoki."

"Ndiyo shida yako. Wewe hata foleni ya maji unaipenda."

Basi nikaanza kumhesabia kwa maharage. Kila mlio ukizunguka, naweka punje moja kwenye sahani. Ilipofika punje ya ishirini nikajikuta naangalia dirishani. Nikamwambia. Palepale akaongeza sauti ya tano, ya juu, nyembamba kama filimbi. Tukarudia. Safari hii macho yalihama kwenye punje ya ishirini na sita. Hapo akaingiza makofi ya mbali. Punje ya thelathini na mbili ngoma ikaanguka, na sahani nayo ikaniponyoka, maana nilishtuka ingawa nilijua inakuja. Modesta akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Siku yenyewe tulifika Kisesa saa nane mchana, vumbi linapanda, watu wameshajaa. Upande wa pili alikuwa manju Yakobo na ngoma kumi na mbili, na chatu ndani ya sanduku la mbao. Huyo chatu ni mnene kama paja langu, na mimi si mwembamba. Modesta alipoona sanduku linafunguliwa akanigeukia.

"Bibi, wao wana nyoka. Mimi nina mluzi."

Akaenda kukagua waya wa jenereta, akaniacha na kompyuta juu ya meza. Ndipo mzee Mashimba akaja na kibuyu chake. Kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu, na hupakwa kwenye ngozi ya ngoma kabla haijapigwa, wachezaji wakiwa wamesimama kimya. Mwaka huu ngoma ilikuwa ile kompyuta. Akachovya vidole kwenye samli iliyochanganywa na unga mweusi, akapaka vitufe vyote, mstari kwa mstari, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Nilikuwa kwenye kigoda, hatua tatu tu. Nilimwona, nikamwacha. Ngoma hupakwa, nimeyaona hayo tangu nikiwa msichana. Haikunijia kichwani kwamba hii ngoma ina matundu.

Modesta akarudi. "Nani kamwaga mafuta hapa?"

"Ni dawa, binti," mzee akasema. "Bonyeza."

Filimbi ikalia. Upande wa pili ngoma kumi na mbili zikaanza kwa mpigo mmoja. Wachezaji wetu thelathini wakainua majembe kama walivyofundishwa, wakasubiri. Modesta akabonyeza kitufe cha kwanza na mluzi ukaanza. Kila kitufe kilikuwa na sehemu yake, na cha pili ndicho cha kuleta sauti ya tano. Akakibonyeza. Kikazama na hakikurudi. Akajaribu cha tatu, kimya. Mluzi ukazunguka, ukazunguka, sauti nne zilezile.

Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Ishirini. Thelathini. Watu wakaanza kutuhama, kwanza watoto, kisha wazee na vigoda vyao kabisa. "Twendeni kwa nyoka," mmoja akasema kwa sauti, makusudi tusikie. Mzee Mashimba alikuwa ananiangalia mimi bibi yake, siyo Modesta. Hapo ule uvumilivu wangu ninaosifiwa kanisani ukaniishia. Nikasimama.

"Lete ngoma, Modesta! Zilete zote sasa hivi!"

"Bibi, kaa chini! Nipe kanga!"

Nikamvulia kanga ya juu. Akafuta ile sehemu bapa ya kuongozea mshale, akakifuta na kidole chake, akaanza kuuvuta ule mstari kwa mkono. Kidole kikateleza. Mlio ukapanda kidogo, ukashuka. Akauvuta tena, ukapanda hatua mbili, ukarudi moja. Jasho lilimdondokea hadi kwenye kioo. Mluzi ukafunuka ukitetemeka, ukafunikwa, ukafunuka tena.

Mikono ya wachezaji ilishaanza kuchoka. Gladness, msichana wa mstari wa mbele, hakuweza kushusha jembe kabla ya ngoma, basi akahamishia uchovu wote miguuni. Akakanyaga, na njuga zake zikalia. Wa pembeni yake akakanyaga. Muda si mrefu njuga za miguu sitini zilikuwa zinalia chini ya ule mlio, na majembe thelathini yamesimama hewani, hayaendi popote.

Mama mmoja muuza karanga, sinia kichwani, alikuwa anapita kwenda kwa Yakobo. Akasimama.

"Kwani hawa wanasubiri nini?"

Akashusha sinia, hakuondoka. Nyuma yake wakasimama wawili, kisha kumi. Nilishapita mizunguko sabini nikapotea. Modesta akauvuta mstari hadi juu kabisa, akaushikilia hapo kwa kidole kilichokakamaa. Mlio ukawa mkali hadi meno yakaniuma. Kwa mkono wa pili akabana kitufe cha mwisho na kona ya kanga yangu, akakibana kama anayeua kunguni.

Ngoma zikaanguka.

Majembe yakaruka yakazunguka hewani, na kelele iliyotoka kwa watu sikuwa nimeisikia tangu nilipoolewa. Kutoka upande wa pili walikuja mbio, vumbi likatufunika. Sisemi walikuja wote. Chatu hakukosa watu wake. Lakini hata mwenye kumshika mkia alikuwa amegeuza shingo kwetu.

Kazi ilipokwisha, mzee Mashimba akaja anatabasamu na kibuyu chake.

"Mmeona dawa?"

Modesta alikuwa bado anafuta vitufe kwa kanga yangu. "Babu, kwa heshima zote, dawa yako imeniulia vitufe sita. Ukiipaka tena hapa, mimi sipigi."

Nikajua kazi imepotea. Hakuna anayesema hivyo mbele ya manju. Mzee akakitazama kibuyu chake.

"Sasa nipake wapi? Siwezi kuingia uwanjani mkavu."

"Paka majembe. Paka spika, mbao za nje."

Akaiangalia ile spika, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Na kule kutuchelewesha, ulikusudia?"

"Hapana, babu."

"Safari ijayo ukusudie," akasema, kisha akawageukia wachezaji waliokuwa wanajikanda mabega, akawaambia kesho asubuhi waje na majembe, wazoee kuyashika juu.