Trei ya Meza ya Bwana

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliinua mkono wa kwanza kwa kamati ya kanisa tukimtoa shemeji yangu Mutuku kwa uzee wa kanisa, ati ni mlevi. Na mimi ni klinikal ofisa, niko na diploma, nimeitundika ukutani na kioo juu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, hapa Mumbuni. Mutuku alikuwa anapitisha trei ya vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Kufika benchi ya tatu, miguu ikapanuka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi, na trei ikaenda chini. Juisi ikamwagikia akina mama.

Kwa kamati nikasema, "Hii juisi yetu hailevyi mtu hivyo. Huyu alianzia kwa pombe ya miwa."

Watu wakacheka sana. Mutuku aliniangalia tu. "Shemeji," akasema, ulimi mzito, "wewe ni daktari. Si ungeninusa kwanza?"

Miaka tatu baadaye, akitembea kwa kushika ukuta, nikampeleka Nairobi. Daktari akamwambia aguse pua yake, halafu kidole cha daktari. Kidole cha Mutuku kikapita, kikarudi, kikapita tena. Damu ikapelekwa ng'ambo, ikarudi na jina refu. Kumbe kuna kipande cha ubongo huko kisogoni kinachoshikilia mwendo wa mtu, na chake kinakauka pole pole. Dawa hakuna. Ni ugonjwa wa ukoo: mzazi akiwa nao, kila mtoto ni kama kurusha shilingi.

Nikakumbuka mama mkwe. Alitembea hivyo hivyo mpaka akalala kitandani, na sisi tukasema mke mwenzake alimroga.

"Ndugu zake wakitaka kujua, tunawapima," daktari alisema. "Lakini mtu asilazimishwe."

Mutuku ako na dada mmoja tu. Ni Wavinya, bibi yangu.

Alitoa damu Januari mwaka huu. Aprili daktari akapiga simu: majibu yako tayari, aje mwenyewe, wakae chini waongee. Sasa ni Agosti na hajaenda.

"Mama Kamanthe, twende tu," nikamwambia.

"Tukishajua, tutafanya nini? Utaniandikia Panadol?"

"Kamanthe naye? Si ni damu yako?"

"Ndio maana. Watu wa kijana anayemtaka wakisikia, zile mbuzi za ntheo za kumposa zitageuzwa njiani. Wacha mtoto wangu aposwe kwanza, Baba Kamanthe. Halafu nitaenda hata kwa miguu."

Hiyo miguu ndiyo nilikuwa naangalia.

Tangu nimuoe, vyondo, vile vikapu anavyosuka, hutoka duara kama sufuria mpya. Wiki jana niliona mstari wa bluu umepinda. Akaufumua akausuka upya. Jana ukapinda tena, mahali pale pale.

"Ni macho," akasema. Na mimi sikuwa nimeuliza kitu.

Leo baba ya kijana amekuja, mzee Nzuki, na ndugu zake wawili, kupanga siku ya kuleta mbuzi. Ni watu wazuri, wanapenda mzaha kama mimi. Kamanthe yuko kwa shangazi yake, maana msichana hakai hapo akiongelewa. Kwa hivyo ni mama yake wa kuleta chai.

"Huyu mama anapika chai ama anakamua ng'ombe kwanza?" Nzuki akasema.

"Ng'ombe alikuwa Konza," nikamjibu, "tumemngojea apande gari."

Wakacheka. Na katikati ya hicho kicheko nikasikia vikombe jikoni, vikigongana kidogo kidogo, kama meno ya mtu ako na malaria. Vikanyamaza. Vikaanza tena. Nzuki akageuza shingo, akaangalia mlango, halafu akaniangalia mimi.

Kutoka jikoni mpaka hapa ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi mwezi huu.

"Mama Kamanthe," nikaita.

Nikasikia hatua yake ya kwanza.

"Mama Kamanthe, wacha hiyo trei. Iwache hapo hapo kwa meza, tutajichukulia wenyewe. Wewe njoo tu ukae na sisi."