Povu Kwenye Kifuniko cha Oili

Baba yangu tangu astaafu amekuwa fundi wa video. Anatazama simu mpaka inapata moto mkononi, kisha anatoka nje kulichokonoa gari lake ambalo halijamkosea kitu. Kuliendesha, haliendeshi: dukani na kurudi, basi. Mama humwambia, "Gari hilo lingekuwa na miguu, lingeshatoroka."

Jumapili ile mimi na mume wangu tulikwenda kuliomba. Mama mkwe wangu alikuwa hospitalini, amepasuliwa mgongo, na kesho yake angeruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alikataa katakata habari za basi. Alazwe kiti cha nyuma, alisema, aendeshwe taratibu. Gari la kutufaa lilikuwa la Baba tu, na ndilo lililompeleka hospitali wiki iliyotangulia, mume wangu akiwa kwenye usukani.

Chai hatujaimaliza, tukasikia Baba anaita uani. "Njooni! Njooni wote muone!"

Boneti iko juu. Ameshika kile kifuniko cha pale panapomiminiwa oili, na upande wa ndani pameganda povu zito, rangi ya chai ya maziwa. Akamsogezea mume wangu mpaka puani.

"Hii ni nini?"

"Sijui, Baba."

"Hujui! Maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Umelichemsha gari langu, ukaunguza gasketi inayotenga maji na oili, ukalirudisha, ukatulia tuli kama maji mtungini!"

"Halikuchemsha, Baba. Mshale wa joto niliutazama njia nzima."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

Lo! Jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta akasimama na shati mkononi, kazi imemshinda. Uso uliniwaka. Nikawaza kesho, nikamwaza mama wa watu na mgongo wake, nikaona gari ndilo hilo linatuponyoka. Mume wangu akanigeukia, akanitazama. Nami nina mdomo, nimeurithi kwa huyohuyo Baba. Nikasema kwa sauti, jirani naye asikie: "Si useme tu ukweli jamani! Binadamu hukosea, Baba atakusamehe."

Mume wangu alianza kukunja mikono ya shati lake polepole.

"Baba," alisema, "kifuniko peke yake hakitoshi. Tuiangalie na oili yenyewe."

"Tutaiangalia! Tena nitaiangalia mimi, msije mkasema nimehadithiwa."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena. Tukainama wote. Oili ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina weupe hata kidogo. Baba akaguna. Akafungua chupa ya maji ya rejeta. Maji yamefika kwenye alama yake, na juu yake hayana hata tone la mafuta.

"Yatakuwa yamejificha chini," alisema.

"Yanamkimbia nani?" Mama akauliza.

Baba hakutaka mzaha. Alichukua beseni la Mama la kufulia bila kuomba, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na spana. Sauti ikatoka huko huko: "Gari limelala tangu jana. Maji ni mazito kuliko oili, yanatuama chini. Nikilegeza nati hii yatatangulia maji, na hapo tutajuana nani ni nani!"

Nilichuchumaa kando ya gurudumu, macho kwenye beseni. Naona haya hata kulisema hili: nilikuwa nayasubiri maji. Niliyataka yatoke. Yangetoka, maneno yangu yangekuwa ya haki, nami ningekuwa mke mwenye busara. Mume wangu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikimwombea hatia.

Ikatoka oili. Nyembamba kama uzi, nyeusi, ikadondokea kwenye beseni, na iliyofuata ni oili, na ya baada yake oili. Baba akaikaza nati.

Hakutoka. Spana imenyamaza, miguu ipo nje, imetulia.

"Vipi, umehamia huko?" Mama akasema.

Alipotoka alikuwa mdogo. "Iko video nyingine," alisema huku anaangalia tambara. "Yasema gari likienda karibukaribu tu, injini haipati moto vizuri, mvuke unaganda kifunikoni. Sikuimaliza ile."

"Ungeimaliza!" Mama akang'aka.

Baba yangu haombi msamaha, hajui pa kuanzia. Aliufuta ufunguo mpaka ukang'aa, akampa mume wangu kwa mikono miwili. "Mlete mama yako salama, mwanangu."

"Asante, Baba."

Wakafunga boneti pamoja, hata wakacheka. Yakaisha. Kwao wao yaliisha.

Tulipovuka lango tu, mdomo wangu ukaanza tena. "Baba naye amezidi! Mtu mzima unamfokea mbele ya majirani, kwa povu? Angalau angekuuliza vizuri, angalau..."

"Baba mwache," mume wangu alisema. "Baba kaona povu. Mwenye gari akiona povu lazima aulize."

Tulikuwa tumesimama kungoja magari yapite. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Gari lingechemsha kweli," alisema, "unadhani ningekuja kumwambia nani kwanza?"

Jibu nililijua tangu anafungua kinywa.

"Mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akaingiza gari barabarani. Nami nikageukia dirishani, nikalia.