Shingo Ngumu ya Gitaa la Mwadime

Usiku wa jana niliota, ingawa ndoto nimezidharau tangu nianze kufundisha Kiswahili, kwamba gitaa la marehemu mume wangu Mwadime lilishuka ukutani likaja kuketi kitandani pangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nyuzi yangu iko juu."

"Nyuzi zangu ziko juu," nikalisahihisha. "Marahaba."

Kwa hilo moja lilisema kweli. Nyuzi zilikuwa mbali mno na ubao wa shingo, na vidole vyangu vyenye baridi yabisi havikuweza tena kuzibana. Nami nilitaka kupiga wimbo mmoja tu, Jumapili, katika kumbukumbu ya Mwadime. Fundi Righa alikuwa amenieleza namna ya kulirekebisha mwenyewe, nikayaandika maelezo yake daftarini: kaza chuma cha shingoni robo mzunguko, ngoja siku moja, kisha sugua upande wa chini wa mfupa unaobeba nyuzi, kidogo kidogo, maana kilichosuguliwa hakirudi. Mfupa huo Mwadime aliuchonga kutokana na ng'ombe wa arusi yetu. Hakuna mwingine.

Nilitwaa ufunguo, nikakaza. Shingo iliyokazika ilikuwa yangu.

"Umekosea shingo," likasema gitaa. "Ingawa iliyo ngumu ndiyo hiyo."

"Funga tundu lako."

Mara tumo darasani, na mlango unagongwa. Anaingia Siku Moja, amevaa koti la mvua, anaketi dawati la mbele.

"Umechelewa," ninamwambia.

"Uliambiwa uningoje, Mwalimu. Hukuambiwa unikemee."

Ninamngoja. Anamenya kiazi, anasinzia, anaamka kuuliza kama amekwisha. Sijapata kuona siku mvivu kiasi hicho, nami nimefundisha kipindi cha mwisho cha Ijumaa miaka thelathini na mitatu. Hatimaye anaondoka bila kuaga.

Ninashika msasa. "Haya. Mfupa hii imezidi."

Nyuzi sita zinatazamana.

"Mfupa gani?" mfupa unauliza.

"Hii."

"Hapa hakuna mfupa hii. Labda kwa ng'ombe mwingine." Unajichomoa kwenye gitaa na kuelekea mlangoni.

"Rudi. Nilighafilika."

"Mwadime alipoghafilika katika barua ya uchumba, ulimrudishia ikiwa na wino mwekundu. Alama nne kwa kumi."

"Tano. Moja nilimwongezea kwa hati nzuri."

"Basi sema vizuri, au niende zangu na arusi yenu."

Ninajaribu. Shingo imekaza, neno halipiti. Ninauchukua ufunguo na kujilegeza robo mzunguko, mbele ya darasa zima, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia Mwadime.

"Mfupa huu," ninasema. "Umezidi kidogo."

Mfupa ukarudi, ukajisugua wenyewe kwenye msasa kwa unene wa ukucha, ukaingia mahali pake.

Nilipoamka, gitaa lilikuwa ukutani likijifanya halijui lolote. Nilibana uzi wa kwanza, ukakubali bila kuniumiza. Nikasema ni hali ya hewa.

Kisha nikafungua daftari. Katika maelezo ya fundi nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, "sugua mfupa hii." Neno la mwisho lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limeandikwa "huu." Chini ya ukurasa, kwa hati nzuri isiyo yangu: "Tano kwa kumi. Moja ni ya hati."