Aliyepita Nyuma ya Inspekta

Jumapili ya kwanza ya tamthilia mpya, Tabea alifika kwa shemeji yake Sadoki na mkeka kwapani, akautandika mahali alipozoea, kati ya meza ya kioo na mlango wa korido. Makochi yalikuwa ya wanaume na ya wageni waliopanda kutoka Makumira. Wanawake walikaa chini, kwenye marumaru. Tabea alipapenda mahali pake kwa sababu hata mwezi wa saba, baridi ya Meru inapowafanya watu wavae makoti ndani ya nyumba, marumaru za pale zilikuwa na joto, kama jiwe lililoshinda juani.

Tamthilia iliitwa Nani Alifunga Mlango. Ilihusu mji mdogo wa kando ya barabara, wenye stendi, mashine ya kusaga na kanisa, ambako mwenye duka mmoja alikutwa amekufa ndani ya duka lililofungwa kwa nje. Inspekta aliletwa kutoka mbali kuja kupeleleza. Alivaa koti refu jeusi.

"Koti lote hilo la nini?" alisema Lemburis, muuza maziwa. "Anakwenda kuchunga?"

"Nyamaza tusikie," alisema Anna, mke wa Sadoki.

Inspekta alipokuwa akimhoji mpika chapati wa stendi, Elinipa alipita nyuma yake. Alikuwa na shati lake la kijani lililochanika begani, jembe mkononi. Alitoka upande wa mashine akaelekea upande wa stendi, wala hakugeuka.

"Yule si Baba Eliya?" aliuliza Anna.

"Ndiye," alisema Tabea.

"Amekonda."

"Mererani watu hawali vizuri," alisema Sadoki kutoka kwenye kochi lake, na watu wakarudi kumsikiliza inspekta.

Elinipa alikuwa mume wa Tabea na mdogo wake Sadoki. Baba yao aliwagawia kihamba, shamba la migomba la ukoo, kwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wameru huipanda mpakani na juu ya makaburi, na ambayo huitumia pia kuombea msamaha. Aletewaye isale hakatai. Mwaka ule Sadoki alipoanza kujenga, mstari uliamka asubuhi umehamia ndani ya migomba ya Elinipa, na mahali ulipokuwa pamechimbwa msingi wa nyumba. Jioni Elinipa alichukua jembe akaenda kumuuliza kaka yake. Hakurudi. Sadoki alisema mdogo wake amekasirika, ameenda Mererani kutafuta tanzanite, na kwa kuwa wanaume wengi huenda huko na hasira zao, watu waliridhika.

Tangu hapo Tabea hakuwa mke wala mjane. Pale mlimani watu huzikwa nyumbani, migombani, na mjane ni yule mwenye kaburi la kuonyesha. Kila alipowaomba wazee wa ukoo waupime upya mpaka ili mwanawe Eliya apate mahali pa kujenga, walimjibu kwamba wangoje mwenyewe arudi. Eliya alichoka kungoja, akapanga chumba Moshono. Tabea hakuwa na haja na tanzanite. Alitaka kaburi.

Jumapili zilizofuata Elinipa hakukosa. Mara alinunua kiberiti, mara alijikinga mvua chini ya kibaraza cha kanisa pamoja na watuhumiwa. Tabea alianza kuja na bakuli la loshoro, makande yale ya maziwa ya mgando, akaliweka mbele ya runinga. Tamthilia ilipokwisha, bakuli lilikuwa tupu, limekombwa.

"Alikuwa hapendi chumvi nyingi," Anna alimkumbusha.

"Nimepunguza, mama."

Ule mji wa tamthilia nao ulianza kupanda mlima. Stendi yake ilizidi kufanana na ya Usa River. Kisha inspekta akaonekana akipita Makumira kwa miguu, amekunja suruali, halafu kwenye njia ya mibuni, akimfuata Elinipa kwa nyuma kama mtu anayeonyeshwa choo kwa wenyewe. Sebuleni watu walibishana. Anna alisema muuaji ni mke wa mchungaji, kwa sababu anacheka sana. Lemburis alisema ni mpika chapati, na akaweka dau la lita mbili za maziwa.

Jumapili moja Elinipa alisogea hadi uso wake ukajaa kioo. Tabea alipiga magoti.

"Baba Eliya, uko wapi?"

Elinipa alifungua mdomo, lakini muziki ulikuwa mkubwa.

"Mzee, hebu punguza huo muziki," alisema Lemburis.

Sadoki alikuwa ameikalia rimoti. "Betri zimekwisha," alisema.

Siku ya sehemu ya mwisho kitongoji kizima kilikuja, na wazee wa ukoo walipewa kochi kubwa. Elinipa alitangulia, inspekta nyuma. Walipita mibuni, wakapita mstari wa masale, wakafika kwenye geti. Mbwa wa Sadoki alibweka nje, na akabweka kwenye runinga. Kisha mlango ulifunguliwa, na wote waliokuwa sebuleni wakaona visogo vyao wenyewe. Lemburis alijipapasa chake, akavua kofia.

Kwenye kioo Elinipa alipenya katikati ya makochi, akiomba radhi kwa kichwa kama mtu aliyechelewa ibada. Alifika kwenye mkeka. Tabea alijiona pale, na kitambaa chake cha njano. Elinipa aliliegemeza jembe kwenye meza ya kioo, akajilaza chini ya mkeka, taratibu, kama anavyojilaza mtu aliyeshinda shambani, na marumaru zikamfunika. Inspekta alisimama, mikono nyuma.

"Ni hapa," alisema. Majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Tabea aliweka kiganja sakafuni. Palikuwa na joto.

"Kumbe si mpika chapati," alisema Lemburis kwa sauti ya chini. "Maziwa yangu yamekwenda."

Hakuna aliyemtazama Sadoki. Mzee mmoja aliuliza kama chai ipo.

Kesho yake Tabea aliteremka kituo cha polisi. Askari aliyempokea alikuwa mfuatiliaji wa tamthilia ile, akampa kiti na kuusifu mwisho wake. Alimweleza kwa upole kwamba sebule ya mtu haivunjwi bila marehemu. Tabea alisema marehemu yumo ndani ya sakafu. Askari alisema basi atolewe kwanza.

Alipofika nyumbani alimkuta Sadoki uani, pamoja na wazee wa ukoo. Sadoki alikuwa ameshika isale kwa mikono miwili, jani na shina lake. Tabea alilitambua. Shina lilikuwa na kovu la kamba, pale Eliya alipokuwa akifungia mbuzi utotoni. Lilikatwa kwenye mstari wa mpakani.

"Shemeji, nimekuja," alisema Sadoki.

"Unaomba msamaha wa nini, shemeji?"

"Wa yote."

"Yapi?"

"Mama Eliya," alisema mzee mmoja, "isale halihojiwi."

Tabea alimtazama kila mmoja wao, akamaliza kwa Sadoki. Kisha alipokea, kwa sababu tangu mlima ule upate watu hajasikika aliyekataa. Wazee walishukuru, wakanywa chai yake. Walipokuwa wakiaga aliwauliza habari ya mpaka.

"Mpaka tena?" alisema mzee. "Si umeshapokea?"

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mashindano ya kwaya. Tabea alikuja amejifunga kitambaa cheusi, mkeka kwapani, isale mkononi. Alilichomeka kwenye ufa kati ya marumaru mbili, na sakafu ikalipokea kama udongo wa masika. Anna aliinuka akaleta maji kikombeni.

Krismasi ilipofika, isale lilikuwa limeipita meza ya kioo. Anna huyapangusa majani yake anapopangusa runinga. Waliokaa nyuma walilalamika kwamba linawaziba, wakasogeza makochi, na Sadoki akasogeza lake. Tabea hutandika mkeka pembeni, huweka bakuli la loshoro, na hurudi nalo nyumbani likiwa tupu.

Nje, mahali lilipokatwa isale lile, Sadoki amepanda jingine, hatua moja ndani zaidi ya migomba ya Tabea.