Choo cha Mwenye Nyumba

Mama Deki aliamka na kiu ya kumkausha ulimi, na mdogo wake alipomletea kikombe cha maji aligeuzia uso ukutani.

"Kunywa, dada. Daktari alisema vidonge hivi bila maji mengi ni kazi bure. Damu itaganda."

"Nikinywa, yatatokea wapi?"

Mdogo wake alikitua kikombe juu ya stuli, akavuta shuka, akaanza kuunyoosha mguu uliopasuliwa kama walivyofundishwa wodini, taratibu, kisigino kikiteleza juu ya godoro. Wote wawili walijua jibu lilikuwa limefungiwa stoo tangu jana jioni, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa Kufuli.

Kufuli alikuwa msimamizi wa nyumba ile. Jina lake la nyumbani wapangaji walishalisahau. Alifunga bomba, alifunga geti, alifunga hata kamba ya kuanikia nguo kwa kuizungushia mnyororo, na alipotembea uani funguo zake zilimtangulia kutoa habari. Watoto walikuwa wakizisikia wanaacha mpira.

Nyumba yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba zinazotazamana, ua wa saruji katikati, na kwenye kona choo cha wapangaji wote: mlango wa bati, shimo, na mahali pawili pa kukanyagia palipolika kwa nyayo. Mlango haukuwa na komeo. Aliyekuwa ndani akisikia bati linaguswa alisema "kuna mtu", na wa nje akarudi nyuma na kopo lake kusubiri. Kwa mwenye viungo vizima ilikuwa karaha ya kuzoeleka. Kwa Mama Deki sasa ilikuwa hatari, maana nyonga yake ya kulia haikuwa tena ya kuzaliwa nayo. Ilikuwa ya chuma.

Ile ya kuzaliwa nayo aliiacha kazini. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa usafi kwenye jengo moja la ofisi, lile lenye vioo vinavyowaka jua likizama, akipanda ngazi za nyuma na ndoo na tambara la deki kwa sababu lifti ilikuwa ya wenye vitambulisho vya rangi ya buluu na chake kilikuwa cha kijivu. Siku aliyoteleza ndoo ilitangulia, yeye akafuata. Kampuni ya usafi iliyomwajiri ikachunguza, ikatoa hukumu: alikuwa amevaa ndapa za kuogea. Hakuna aliyeuliza viatu vya kazi walivyoahidiwa viko wapi. Na alipokuwa wodini, mto ukiwa umefungwa katikati ya mapaja, msimamizi wake alimpigia simu kumpa pole, akaunganishia hapohapo kwamba mkataba wake umeisha na hautaendelea. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu, ila aliyemezeshwa hakuwa yeye.

Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye raba nyeupe, alimrudia masharti. Asikunje nyonga kupita kiasi. Asikalie kitu kilicho chini ya magoti yake. Asiiname kuokota. Asikunje nne. Na kuchuchumaa asikufikirie kabisa, maana akichuchumaa tu nyonga itachomoka, na ikichomoka wataanza upya, kama kuna wa kugharamia kuanza upya.

"Nyumbani kuna choo cha kukaa?" kijana akauliza.

"Kipo," akasema Mama Deki.

Hakudanganya. Kilikuwepo. Lakini moyoni alijua amesema lile neno kwa aibu. Alikuwa amesugua vyoo vya kukaa maisha yake yote ya kazi, anavijua kuliko waliovikalia, anajua uchafu unapojificha chini ya ukingo na maji yanapoacha mstari wa kutu. Angewezaje kumtazama kijana yule usoni na kusema kwamba kwake hana hata kimoja? Basi akasema kipo, kijana akafurahi, akaenda kitanda cha pili.

Kilikuwepo ng'ambo ya ua, mkabala kabisa na mlango wake. Mlango wa mbao uliopakwa vanishi, vigae ndani, sinki, na kiti kirefu kuliko vya kawaida. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyeishi upande mwingine wa mji, alikiagiza kirefu kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua. Mwaka kilipojengwa kodi ilipandishwa kwa vyumba vyote, na sababu iliyotolewa ni kwamba nyumba sasa ina choo cha kisasa. Kisha Kufuli akakifunga. Kilifunguliwa siku mwenye nyumba alipokuja kukagua, akakitumia, kikafungwa tena. Wapangaji walikilipia kila mwezi na hakuna aliyewahi kuona rangi ya vigae vyake.

Mdogo wake ndiye aliyekwenda kuomba ufunguo siku ya kwanza. Alirudi amefura. Kufuli alimwambia kile si choo cha umma, na kwamba akimfungulia mmoja kesho atadaiwa na nyumba nzima. Walijaribu ndoo juu ya matofali. Ndoo ikayumba, mdogo mtu akamdaka mgonjwa kwapani, na ikawa wanacheka na kulia kwa pamoja wakiwa wamekumbatiana katikati ya chumba chenye maji. Ndipo mpwa wao mchomeleaji akaja na kiti cha chuma cha zamani. Alikikata tundu la duara mahali pa kukalia, akakiongeza miguu, akakipiga tupa pembeni kisikwaruze. Kikawekwa juu ya shimo, kikakaa sawasawa. Mama Deki alikipa jina la Ofisini. Kila asubuhi mdogo wake akimshika kiwiko, yeye alisema, "Twende ofisini, hapa sijafukuzwa bado."

Alisema mapema mno. Jana jioni Kufuli alipita uani akitangaza kwamba mwenye nyumba anakuja kesho, watu waondoe mabeseni, waanue nguo, wafagie. Alipofika chooni akakitoa kile kiti kwa mkono mmoja.

"Hiki kinaharibu sura ya nyumba," alisema. "Na nani aliruhusu mabadiliko kwenye jengo?"

Mdogo mtu alimweleza kwamba kiti hakijachomelewa popote, kinaingia na kutoka, si jengo. Kufuli akasema mali isiyo ya nyumba ikikutwa kwenye sehemu ya pamoja inakwenda stoo hadi mwenye nyumba aamue. Akakibeba. Usiku ule Mama Deki hakunywa maji.

Na asubuhi hii pia hakunywa. Alimeza vidonge na mate. Kufikia saa tano midomo ilikuwa imepasuka, kichwa kinagonga, na chini ya kitovu maumivu yamejikunja kama ngumi, maana mwili haukukubali kufungwa na Kufuli kama bomba la uani. Mdogo wake alikuwa amezunguka vyumba vyote kutafuta kiti chenye urefu. Jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye tumbo lake lilimpa jina la Mama Kijacho, alitoa stuli yake, lakini miguu ilikuwa mifupi. Akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Hata mimi kuchuchumaa sasa ni vita," alisema. "Juzi nimenyanyuliwa na ukuta. Ila wewe, mama, hiyo ni dhuluma tupu."

"Wewe ukizaa yataisha," Mama Deki akamwambia. "Mimi hili langu sitalizaa."

Mama Kijacho alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, akaomba asichekeshwe, maana naye amebanwa.

Gari la mwenye nyumba liliingia mchana. Aliteremka taratibu, akishikilia mlango, goti moja likikataa kukunjuka. Kufuli alimfuata nyuma akieleza rangi ilipobanduka na nani mpangaji mbishi. Mwenye nyumba aligusa kuta kwa kidole, akatazama kidole. Alipofika kwa Mama Deki akasimama kizingitini, harufu yake ya marashi ikaingia kabla yake.

Alimpa pole. Pole yake ilikuwa ndefu na nzuri. Alisema amesikitika sana aliposikia, akauliza kama maumivu yamepungua, kisha akauliza, kwa sauti ileile, kama ni kweli kazi imeisha, maana kuna watu wanatafuta vyumba.

Mama Deki alikuwa ameegemea magongo, hakutaka kumpokea akiwa amelala. Akamweleza habari ya kiti. Akamwomba kirudishwe, au apewe ufunguo wa choo cha ng'ambo kwa muda tu, hadi nyonga ishike. Alisema atakisafisha mwenyewe akipona, hata kila siku, kazi hiyo anaijua.

Mwenye nyumba alimtazama Kufuli. Kufuli akatazama funguo zake.

"Mama yangu, nakuelewa," akasema mwenye nyumba. "Lakini nyumba ina utaratibu. Leo wewe, kesho mwingine. Na kile cha chuma kweli kinatia aibu, mgeni akija ataona nini? Ngoja tutalizungumza."

"Mtalizungumza lini?"

"Nikija tena."

"Nimebanwa sasa hivi," akasema Mama Deki.

Mwenye nyumba akakohoa kidogo. Mdogo mtu alipiga hatua mbele, mdomo wazi, lakini dada yake alimkata jicho, akarudi nyuma.

"Magoti yako nayo hayajambo?" Mama Deki akauliza.

"Magoti? Ah, yananisumbua. Hasa kuinuka."

"Ndiyo maana kile kiti ulikiagiza kirefu."

"Bila hivyo nisingeweza, mama. Kuchuchumaa ni mateso."

Alilisema na kulisikia mwenyewe kwa wakati mmoja. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, kisha ukarudi ulivyokuwa. Akasema mgonjwa apumzike, akageuka. Mama Deki alisikia funguo zikichakarika ng'ambo ya ua, kitasa kikizunguka, na mlango wa vanishi ukifunguliwa kwa ulaini wa kitu kisichotumika. Mwenye nyumba alikuwa ametoka mbali. Naye alibanwa, kama watu wote.

"Nipe viatu," Mama Deki akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Ofisini."

Mdogo wake alimvalisha bila kuuliza tena. Magongo yote mawili mbele, mguu wa chuma, kisha mguu wa mwili. Magongo, chuma, mwili. Ua ule alikuwa ameukata maelfu ya mara akiwa na ndoo kichwani na hakuwahi kujua kama ni mpana kiasi kile. Jua lilimpiga utosini. Kila hatua ngumi iliyo chini ya kitovu ilikaza. Wapangaji waliacha walichokuwa wakifanya. Mlinzi wa usiku wa chumba cha mwisho, ambaye mchana huwa amelala, alitokeza kichwa dirishani akabaki hivyo.

Alifika mlango ulipofunguka. Mwenye nyumba alitoka akikung'uta mikono yenye maji, Kufuli yuko pembeni ufunguo mkononi, tayari kufunga.

"Naomba kupita," akasema Mama Deki.

Mtu mwenye magongo akisema naomba kupita, mwili hupisha kabla akili haijauliza. Mwenye nyumba alipisha. Mama Deki akaingia, akasukuma mlango kwa kiwiko, na mkono wake ukalikuta komeo la ndani pale alipojua litakuwepo, kwenye kimo kilekile cha makomeo yote aliyoyafuta vumbi maishani mwake. Akalisukuma.

Vigae vilikuwa vya kijani. Basi ndivyo vilivyokuwa. Alifanya kama alivyofundishwa: akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya magoti ikagusa, mguu wa chuma ukatangulizwa mbele, mkono ukashika sinki, akashuka polepole. Kiti kilimpokea juu, sawasawa, kama kilipimwa kwake. Alipomaliza kukifungua alichokifungia tangu jana, machozi yalimtoka bila kilio, akayaacha yateremke.

Kufuli aligonga. Alianza kwa kidole, akaendelea kwa ngumi.

"Fungua. Hiki si chako."

Mama Deki aligeuza macho. Chini ya ukingo wa sinki kulikuwa na mstari wa uchafu, ule wa mtu anayesafisha akiwa amesimama tu. Mkono wake ulisogea wenyewe kutafuta kitambaa. Akaurudisha mapajani.

"Kuna mtu," akasema.

Nje sauti ya mwenye nyumba ilisikika ikimwambia Kufuli aache kupiga mlango, utapasuka vanishi, na kwamba mwisho wa mwezi yule mama ahame, chumba chake kina watu wanakitaka. Alisema bila kupandisha sauti. Mama Deki alilisikia neno kwa neno. Alijua litatimizwa, maana maneno ya namna ile kwenye nyumba ile hutimizwa upesi kuliko mengine yote. Akafungua bomba la sinki, akakinga kiganja, akanywa. Akakinga tena, akanywa mpaka maji yakamchuruzika kidevuni.

Kisha akasikia ndapa zinaburuzwa juu ya saruji, na pumzi nzito ya mtu anayepumua kwa ajili ya wawili. Kopo la maji likatuliwa chini karibu kabisa na mlango.

"Wewe unataka nini hapa?" Kufuli akauliza.

"Nasubiri," akasema Mama Kijacho. "Akitoka yeye, naingia mimi."

Halafu kopo jingine likatuliwa nyuma ya lile la kwanza, na la mdogo mtu, na kikohozi cha mlinzi wa usiku kikauliza wa mwisho ni nani.

Mama Deki alijifuta kidevu. Hakuwa na haraka.