Magunia Kumi na Moja ya Udongo

Lori lilifika asubuhi ya Jumanne, mwezi wa Agosti, mwaka sabini na tatu, na tangazo lilikuwa moja tu: kila kaya ichukue mali yake, ikifika jioni watu wote wawe wamehamia kijiji kipya cha barabarani. Watu wakabeba walichoweza. Milango iling'olewa, vinu vikapandishwa, kuku wakafungwa miguu. Bi Mwanahawa, mjane wa miaka hamsini na kitu, alipanga mbele ya nyumba yake magunia kumi na moja yaliyoshonwa midomo, na kando yake akaweka kitanda cha kamba alichoachiwa na marehemu mumewe.

Dereva aliinua gunia moja, akalitua upesi. "Mama, humu mna nini? Mawe?"

"Udongo."

Dereva alicheka mpaka akashika kiuno, akamwita bwana shamba aje ajionee. Bwana shamba huyo aliitwa Elia, kijana aliyetoka mikoa ya milimani, ambako udongo ni mweusi kama masizi na mtu akisahau mpini wa jembe nje atakuta umeota. Adabu alikuwa nayo, hilo lisemwe. Hata alipokuja kugomba, alianza kwa shikamoo.

"Shikamoo, mama. Huko tuendako ardhi ipo. Kila kaya itakatiwa ekari nzima."

"Marahaba. Ardhi ipo, nani kakataa? Lakini ni mchanga mtupu. Napita pale kwenda Kitaya tangu nikiwa msichana, na sijaona hata panzi aliyenona."

Dereva akasema nafasi ni ndogo na maneno ni mengi. Achague kimoja, kitanda au magunia.

Kitanda kile ndicho alichozalia, ndicho alichomuuguzia mumewe, na ndicho ambacho siku yake ikifika kingempeleka kaburini mwenyewe. Bakari, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye wiki ile ile alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji kipya, alimsogelea akamnong'oneza huku ameuma meno. "Dada, unanitia aibu mbele za watu."

"Aibu haipandwi ikaota, Bakari. Kitanda kibaki. Pandisha gunia."

Na kitanda kikabaki, kikitazama lori likiondoka.

Udongo ule Mwanahawa hakuuokota. Bibi yake alianza na mchanga kama mchanga mwingine wowote wa pwani ile, akaurithisha kwa binti yake, na binti naye kwa Mwanahawa, maana kwao shamba hufuata upande wa mama. Wote watatu waliulisha. Majani hawakuyachoma hata siku moja. Waliyalaza, wakayafunika kwa tuta, na juu ya tuta wakapanda muhogo, na katikati ya muhogo wakaweka kunde na mbaazi ili jua lisiuone mchanga uchi. Sehemu iliyochoka waliiacha ilale miaka minne, mitano. Kazi ya wanawake watatu, miaka zaidi ya sitini, ndiyo hiyo iliyokuwa imeshonwa ndani ya magunia, na kwa kweli ilikuwa sehemu ndogo sana ya kilichoachwa nyuma.

Kijiji kipya kilipewa jina zuri kwenye karatasi, lakini wenyewe walikiita Mchangani. Kila kaya ilikatiwa ekari yake, na pembeni likapimwa shamba kubwa la wote. Trekta lilikuja, likang'oa vichaka na visiki. Vikakusanywa, vikapigwa moto siku tatu. Elia alisimamia kwa kamba na vigingi mpaka mistari ikanyooka. Lilipendeza shamba lile, huwezi kukataa. Lilikuwa limefagiliwa kuliko ua wa bibi harusi.

Amri ilikuwa kwamba na ekari za watu ziwe safi vivyo hivyo. Ekari itakayokutwa chafu, apewe mwingine.

Mwanahawa alifukua vishimo vyake, akatia konzi moja ya udongo wa gunia katika kila kimoja, akapanda. Kisha akaanza kuokota uchafu. Alifagia majani chini ya mikorosho ya watu, akaomba samadi kwenye mabanda ya mbuzi, akakusanya maganda ya karanga, yote akayazika kwenye matuta yake. Kunde zikatambaa huku na huku bila mstari. Kijiji kizima kikamwita Mama Takataka, na watoto wakamwimbia.

Elia alikuja kukagua akiwa na daftari. "Shikamoo, mama. Shamba hili ni chafu."

"Marahaba. Si chafu, limevaa nguo."

Bakari alikuwepo, na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti ilimbidi akunje uso. "Dada, una siku saba za kusafisha."

"Saba za nini? Niandikeni leo, msije mkachosha kalamu."

Elia akaandika: *mkaidi*. Siku saba zikapita, Mwanahawa hakung'oa hata jani, na Bakari hakuja kumnyang'anya. Kila alipoulizwa alijibu kwamba suala linashughulikiwa. Damu nzito kuliko maji, hata maji ya ofisini.

Mwaka ule shamba kubwa lilitoa mahindi ya kujivunia. Majivu yale ya moto yaliyatia nguvu, na mvua haikuwa mbaya. Watu walipita mbele ya ekari ya Mama Takataka wakiwa na vikapu vimejaa kichwani, wakimpa pole asiyoiomba. Alivumilia, lakini ilimuuma. Kuna jioni alikaa kwenye mkeka wake, mgongo ukimuuma kwa kulala chini, akajiuliza kama hakuwa mpumbavu aliyeacha kitanda cha mumewe kwa ajili ya magunia ya takataka. Asubuhi akaamka, akaenda kufagia majani ya mikorosho.

Mwaka wa pili trekta likapita tena, moto ukawashwa tena. Mahindi yakatoka ya manjano, mafupi, kama yaliyoonywa yasisimame. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, kesho yake mchanga umekauka. Upepo wa kusi ulipoanza, uliuchota mchanga ukaumwaga barabarani na kwenye masufuria ya watu. Palipokuwa na kichaka cha kuuzuia sasa hapakuwa na kitu.

Mwezi wa Oktoba mwaka sabini na tano Elia aliitisha mkutano. Alisimama, uso umempauka, akaeleza kwamba kuna ukame, na kwamba wataalamu wanasema jangwa linakuja kutoka kaskazini. Lakini suluhisho lipo. Shamba kubwa litahamishiwa upande wa mashariki, ambako ardhi bado ina rutuba. Trekta litafika Ijumaa, na litaanzia kwenye ekari ya Bi Mwanahawa.

Mwanahawa aliinuka taratibu, akikunja kanga kiunoni.

"Jangwa haliji lenyewe, bwana shamba. Halina miguu. Linalimwa."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Bakari akapiga meza. "Dada, kaa! Udongo mzuri ni wa kijiji kizima. Hapa tunagawana."

"Kugawana sikatai. Nani alikuja kuniomba udongo nikamnyima? Mlikuja kunipa pole." Akamgeukia Elia. "Simama, mwanangu, twende. Na nyie wote njooni. Si mbali."

Jua lilikuwa la utosini. Akampeleka kwanza kwenye shamba kubwa, akamwambia aingize mkono. Elia akasita, kisha akachuchumaa. Mkono ulizama mpaka kiwiko bila tabu, na alipoutoa mchanga ulimporomoka kama mchele, wala hakukubaki kitu ila joto. Wakaenda kwenye ekari ya Mwanahawa, akasukuma majani ya kunde kando. "Na hapa."

Mkono uliishia kwenye kifundo cha mkono. Ilibidi asukume. Alipoutoa, vidole vilikuwa vyeusi na vimelowa, na mnyoo mmoja ulikuwa unajinyonganyonga kwenye kiganja chake. Miezi mitano mvua ilikuwa haijanyesha. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Laa ilaaha illallah," na hakuna aliyecheka.

"Mchanga una njaa," Mwanahawa alisema, na sasa sauti ilikuwa ya hasira waziwazi. "Ukiuchoma unaupa chumvi ya siku moja. Ukiufagia unauacha uchi. Mlinipa huu ukiwa kama ule, ndugu zangu, mlikuwa mnaona. Sasa mnataka kuuchukua mkauue na huu, halafu mwakani mseme jangwa. Nilipoambiwa nihame, nilihama. Nilipoambiwa nichague, nilichagua. Hapa sitoki."

"Dada," Bakari alisema kwa upole kidogo, "wewe ni nani wa kuweka masharti peke yako?"

"Mimi ndiye niliyeacha kitanda."

Elia alikuwa bado ametazama mkono wake. "Amri imeshatoka, mama. Nikirudi ofisini niseme nini?"

"Sema kuna mwanamke mkaidi."

"Hilo niliandika tangu mwaka wa kwanza." Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akafungua daftari, akatafuta kalamu kwa vidole vyake vyeusi. "Nitaandika kwamba hili ni shamba la majaribio. Trekta haliruhusiwi kupita kwenye shamba la majaribio."

"Majaribio ya nani? Majaribio alimaliza bibi yangu."

"Mama, nakuomba. Niache niandike."

Akamwacha. Ijumaa trekta lilikuja, likakuta akina mama kumi na wawili wamekaa kwenye ekari ile na majembe yao, kila mmoja na kikapu cha majani makavu, wanafundishwa kuzika. Dereva alisoma karatasi ya Elia, akageuza. Elia mwenyewe alikuwa pale pembeni, amekunja suruali, anabeba samadi. Watoto wakamwimbia na yeye.

Jumapili Bakari akaazima baiskeli, akaenda mahameni, kijijini kwao kwa zamani, bila kumwambia mtu. Alirudi jioni na magunia mawili nyuma ya baiskeli. La kwanza lilikuwa la udongo. La pili lilikuwa jepesi, na alilishusha huku akikwepa macho ya dada yake.

"Kitanda chako nilikikuta," alisema. "Mchwa wamekimaliza. Nimekuletea kilichobaki."

Mwanahawa akafungua. Mlikuwa na unga mwekundu wa mchwa, vipande vya kamba iliyooza, na mguu mmoja wa kitanda uliobonyea kama sifongo. Alipapasa mguu ule na kidole gumba, pale ambapo mumewe alikuwa amechonga mstari mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa. Kisha akachukua jembe, akafungua tuta jipya.

"Mwaga hapa."

"Dada! Ni kitanda cha shemeji. Na siku yako ikifika tukubebe na nini?"

"Mtanibeba na mlango. Mwaga."

Bakari akamwaga. Mwanahawa akafunika, akashindilia kwa kisigino, akachomeka kipande cha muhogo.