Lundo la Theluji ya Mwezi wa Sita

Bibi Odila alikuwa na kichwa kigumu, na simsengenyi, nilimwambia usoni. Waliokulia Kiojibwe, lugha yetu ya asili huku kaskazini mwa Amerika, walikuwa wamebaki wazee watatu, na hadithi ya dubu aliyekataa kulala majira ya baridi kama dubu wenzake alibaki nayo yeye peke yake. Shule yetu ina watoto kumi na mmoja, darasa moja na jiko. Mwalimu ni mimi, na lugha hiyo ndiyo tunayojifunza humo. Mwezi wa sita daktari akamwambia Bibi kwamba majira ya baridi hatayaona.

Nikamwendea na kinasa sauti. "Bibi, tusimulie sasa."

"Hadithi hizo husimuliwa theluji ikiwa chini, Marlys. Mama yako hakukufunza?"

"Mpaka ije, wewe utakuwa umeshakwenda!"

"Basi nitakwenda nayo. Na punguza sauti. Mimi mgonjwa, si kiziwi."

Nilitoka nalia kwa hasira. Shuleni nikawaambia watoto ukweli, maana ndio waliokuwa wakiingoja hadithi hiyo. Niigaan, binti wa miaka tisa, mdomo wake hauna breki, akauliza, "Kwani ile ya uwanja wa hoki si theluji?"

Uwanja huo wa mjini, ambapo hoki huchezwa juu ya barafu, hugandishwa hata kiangazi, na gari la kukwangua barafu humwaga makwangulio nyuma ya jengo. Kesho yake tukajaza pikapu ya mjomba Verlin, tukaenda kumwaga chini ya dirisha la Bibi.

Bibi akachungulia, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mashetani nyie! Mnamdanganya nani?"

"Theluji iko chini, Bibi," Niigaan akamjibu kwa Kiojibwe, bila kukosea.

Bibi akamtazama sana. "Haya. Ikiwepo, nasema. Ikiisha, nanyamaza. Kaeni."

Jua lilikuwa kali, naye hakuharakisha hata neno. Dubu alipokwenda mtoni, tulikwenda naye hatua kwa hatua, samaki wakatajwa mmoja mmoja. Roho yangu juu juu.

"Bibi, fupisha kidogo."

"Fupisha wewe ulimi wako."

Verlin akavua koti ili alifunike lundo. "Mtu mzima wewe!" Bibi akamkemea. "Huo sasa ni wizi."

Dubu akafika kwenye kibanda cha mwanamke mmoja, akagonga mlango. Bibi akachungulia nje. Palikuwa na nyasi na matope tu. Akafunga mdomo.

"Bibi, nakuomba, tafadhali."

"Nilisema nini?"

Alifariki mwezi wa nane. Nilimlilia na nilimkasirikia, yote kwa pamoja.

Sasa theluji ikianguka nawasimulia watoto kama alivyosema, mpaka dubu anapogonga. Wanapiga kelele: nani alifungua? Nawaambia sijui, na kweli sijui. Mwaka huu walibishana wiki nzima, darasani, jikoni, mpaka ndani ya basi, huyu anasema mwanamke alifungua, yule anasema hakuthubutu. Walibishana kwa Kiojibwe kitupu, kwa sababu dubu huyo hawamjui kwa lugha nyingine.